Sifongo ya Marehemu Katembo

Walikuja kunidai nimtoe mume wangu mara ya pili, ili wakamzike sawasawa.

Hawakusema hivyo, bila shaka. Shemeji yangu Sadala, kaka mkubwa wa marehemu, ana adabu za watu wa Ujiji na hawezi kukuvamia kwa neno. Alikaa barazani, upande wa pili wa pazia, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani ya eda na haikufaa tuonane uso kwa uso. Akaniuliza hali. Akauliza kama maji ya bomba yanatoka siku hizi. Akausifu uji wangu kabla hajautia mdomoni. Ndipo akafika alikokuwa anakwenda.

"Shemeji, tumemuuliza sheikh. Amesema kiungo cha mtu kikikatwa kinazikwa. Mguu unazikwa, mkono unazikwa. Na kile kilichomo kwenye tangi lako ni kiungo cha Katembo."

"Kile ni sifongo, shemeji. Imetoka ziwani, kwenye mawe ya Bangwe."

"Imetoka ziwani, sikatai. Lakini nyama iliyo ndani yake ni ya ndugu yangu. Wewe mwenyewe ulituambia kwa kinywa chako."

Kweli nilikuwa nimewaambia. Ulimi hauna mfupa. Katembo alipokuwa hai sikuacha mgeni anywe chai yangu bila kumvuta mbele ya kile kioo na kumringia: hili si pambo, hii ni figo ya mume wangu, inaishi sebuleni pamoja nasi. Sasa maneno yangu yamekwenda kwa sheikh na kurudi na hukumu.

Kwa asiyewahi kuishi na sifongo, nieleze. Figo za Katembo zilipokufa, hospitali ilimpa njia mbili: kupanga foleni ya mashine ya kusafishia damu, ambayo mkoa mzima unaigombania, au kufuga sifongo nyumbani. Sifongo ya maji baridi ni kiumbe cha ajabu. Haina kichwa, haina tumbo, haina moyo. Kazi yake mchana na usiku ni kuvuta maji kwa vitundu vidogo, kuchuja kinachoifaa na kutema kilichobaki. Wataalamu walitoa seli chache zilizokuwa bado hai katika figo za Katembo wakazipandikiza humo, zikakaa kwenye vile vitundu kama wapangaji kwenye nyumba ya vyumba. Baada ya hapo, kila siku ya pili, Katembo alikaa kwenye kiti chake, akaunganisha mrija uliotoka tumboni mwake na bomba la tangi, na uchafu wa mwili wake ukaenda kuwa chakula cha sifongo. Akiinuka hapo anadai ugali.

Mfugaji nilikuwa mimi. Kufuga sifongo si kufuga samaki. Samaki akiwa na njaa atakutazama. Sifongo itakufa kimya na wewe umekaa mbele yake unachambua mchele. Haitaki mwanga mkali, kwa hiyo tangi letu lilivaa khanga. Haitaki maji safi, kwa kuwa maji safi hayana chakula. Niliotesha maji ya kijani kwenye chupa dirishani na kuinywesha kwa kijiko. Na juu ya yote haitaki hewa. Ukiinyanyua nje ya maji hata mara moja, hewa inaingia vitunduni na haitoki tena, na kila ilipoingia panaoza. Ukitaka kuihamisha, unazamisha bakuli na kuihamisha ikiwa humohumo majini.

Sisi hatukupata mtoto. Wanawake wa mtaani walikuwa wakicheka kwamba Mwasiti amezaa sifongo, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa ukilia wanacheka zaidi. Lakini nilikuwa naiosha mawe yake, naipima joto, naamka kuitazama umeme ukikatika. Iite utakavyo.

Siku ya mazishi wanawake haohao walijaa nyumbani. Walipika, walifagia, walinilaza chumbani wakanikanda mgongo. Mtani wetu mmoja akasimama mbele ya tangi akasema, "Jamani, marehemu bado yumo humu, mpeni chai ana kiu," watu wakacheka katikati ya kilio, maana mtani ana ruhusa yake. Kisha mwenye huruma mmoja akaona maji yale ya kijani. Nyumba ya msiba, wageni wanatoka hadi Kalemie, na sebuleni kuna maji yamevunda? Wakaitoa sifongo. Wakaishika juu mikononi wakaisugua kwa upole, wakaosha kioo hadi kikang'aa, wakajaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, wakairudisha. Nilipotoka chumbani niliona hadi ukuta wa pili kupitia kwenye tangi, na nikajua.

Siku ya khitma nusu yake ilikuwa imegeuka kijivu. Niliikata kwa wembe ndani ya maji nikatupa kilichooza, nikabaki na kipande cha kujaa viganja viwili. Ningemlaumu nani? Walinilisha, walinililia, walinifanyia usafi ambao kwa nyumba nyingine yoyote ungekuwa sadaka.

"Niachieni mpaka nitoke eda," nilimwambia Sadala kupitia pazia.

Akafikiri kidogo. "Haya, shemeji. Ukitoka eda tutakuja na kisanda chake."

*

Dativa alikuwa akija kila Jumatano. Ni binti wa Kasulu, mtaalamu wa kliniki ya figo, mpole wa sauti, mwenye mkoba wa vipimo na mazoea ya kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Jumatano ile alitumbukiza kipimo chake kwenye tangi, akatazama namba, akakitumbukiza tena.

"Ina njaa, Bi Mwasiti."

"Nimeinywesha asubuhi."

"Si njaa ya maji ya kijani. Seli za mzee zimezoea kula uchafu wa mwili wa mtu. Sasa hazina mwili wa kusafisha. Zitaanza kufa zenyewe, halafu zitaiozesha na sifongo."

Kwa hiyo hata bila Sadala na kisanda chake, Katembo alikuwa njiani. Nilikaa kwenye kiti chake. Dativa hakufunga mkoba. Alisimama akiukunja na kuukunjua mkanda wake.

"Kuna mtu nje," akasema. "Ni mwanamke. Nimemwambia asubiri mpaka umkubali."

Aliyeingia alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, uso umevimba hadi macho yamekuwa madogo, miguu imevimba hadi amekata kamba za kandambili zake. Alipiga magoti kunisalimia na kuinuka ikawa kazi. Pumzi yake ilinuka ile harufu ninayoijua, harufu ya mtu ambaye damu yake haijasafishwa.

"Mama mkubwa," akasema, "mimi naitwa Raya. Nimetoka Uvinza kwa treni ya asubuhi. Mama yangu alikuwa Sikudhani, amefariki mwaka juzi. Baba yangu ni Mzee Katembo."

Nilimtazama Dativa. Dativa alitazama sakafu.

"Mimi si mama yako mkubwa," nikamwambia yule msichana, "wala mdogo."

"Sawa, mama."

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Kila mwezi alikwenda Uvinza na dagaa, akarudi na chumvi, na chumvi ile ndiyo niliyompikia maisha yangu yote. Kila mboga niliyoonja katika nyumba hii ilikuwa na chumvi ya safari zile. 

Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililonichoma. Dada yangu alipofariki aliacha mtoto wa miaka miwili. Nilimwomba Katembo tumchukue tumlee. Aliwaza siku mbili akaniambia, "Siwezi kulea damu isiyo yangu, Mwasiti. Nitakuja kumdhulumu." Nikamheshimu kwa ukweli wake. Mtoto akachukuliwa na baba zake wadogo kule Mpanda, akakua bila kunijua. Kumbe mwenzangu damu yake alikuwa nayo Uvinza, inamsubiri na mikono wazi.

Dativa alieleza haraka, kama mtu anayevuka barabara. Figo za Raya zimekufa. Foleni ya mashine ni ndefu. Kliniki inaweza kumwombea nafasi za dharura kwa majuma machache tu. Sifongo mpya inachukua miaka mitatu kufika ukubwa wa kumsafisha mtu mzima, na Raya hana hata miezi mitatu. Sifongo iliyokomaa humkubali mwenyewe na watu wa damu yake tu.

"Na asipokuwa wa damu yake?"

"Itamkataa. Na tukilazimisha, seli zitapigana mpaka zote zife."

"Basi mpime," nikasema.

Raya alianza kunishukuru, nikamkatiza. Sikumwambia hivyo kwa kumhurumia. Nilitaka kujua.

*

Kipimo chenyewe hakina maajabu. Dativa alikuwa ameotesha seli za Raya kliniki, tangu alipokwenda kutibiwa huko, kwenye kipande cha sifongo kisichozidi ukucha. Alikata kipande kingine kama hicho kwenye sifongo ya Katembo, akaviweka vyote viwili kwenye sahani ya kioo yenye maji, vikigusana. Wakiwa ndugu, vipande vinaungana na mpaka kati yao unapotea. Wakiwa wageni, panatokea mstari mweupe na kila kimoja kinarudi nyuma.

Tuliifunika sahani. Raya alilazwa kwenye mkeka uani, chini ya kivuli cha paa. Mimi nikabandika maharage, kwa kuwa binadamu lazima ale hata siku ya aibu yake. Nikikoroga, nafunua. Nikitia mawese, nafunua. Maharage yalipoiva mstari ulikuwa umeshatokea, mweupe na mnyoofu, na vile vipande viwili vilikuwa vimepeana mgongo.

Nikamwita Dativa. Akainama, akatazama kwa kioo chake cha kukuzia.

"Si wake," akasema.

Nilicheka. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikacheka hadi nikashika mbavu. Miaka yote ile mzee mzima anabeba dagaa kupeleka Uvinza, anarudi na uchovu wake na uongo wake, na kumbe analea mtoto wa mwanamume mwingine. Mjanja amepata mjanja wake. Tangu nilipofiwa sikuwa nimeonja kitu kitamu kama kile.

Dativa hakucheka.

"Bi Mwasiti, siri ya mgonjwa haifi na mgonjwa, na mimi sikupaswa kukwambia hili. Lakini siwezi kukuacha ucheke hivyo. Mzee alijua."

"Alijua nini?"

"Miaka sita iliyopita aliniletea damu ya mtu, akasema ni ya jamaa yake, anataka kujua kama anaweza kuitumia sifongo siku akiugua. Tukapima kwenye sahani kama hii. Ukatokea mstari kama huu. Akautazama sana. Kisha akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Akasema, 'Basi usimwambie mtu, na yeye mwenyewe asijue kamwe.' Juma lililofuata nilimwona stesheni na magunia yake ya dagaa, anakwenda Uvinza."

Kicheko kilinikauka. Maharage yakaanza kuungua nikayaacha yaungue.

Kumbe aliweza. Aliweza kumlea mtoto asiye wake, kumnunulia sare, kumsikia akimwita baba, na moyo wake usimdhulumu. Asichoweza ni kumlea yule wa dada yangu. Damu isiyo yake haikumshinda hata kidogo. Kilichomshinda ni kwamba mtoto yule angekuwa wangu.

Dativa alisubiri hadi nikaondoa sufuria motoni. Ndipo akaniambia iliyobaki, kwa sauti ileile ya kliniki. Kuna dawa. Ukiitia kwenye tangi inaua seli za mtu na kuiacha sifongo yenyewe hai. Kisha sifongo inachujwa kwa kitambaa chepesi, inavunjikavunjika kuwa ukungu majini, na ukiiacha itulie, ule ukungu unajikusanya upya. Kiumbe cha ajabu, nilishasema. Katika saa zile za kujikusanya haimjui yeyote. Ukitia seli za Raya hapo, itazipokea na kuzifanya zake.

"Na za Katembo?"

"Isibaki hata moja. Zikibaki zitapigana."

"Tukate nusu. Nusu yake, nusu ya huyu."

"Ingekuwa nzima kama zamani tungekata." Dativa alitazama tangi. "Kipande hiki kinamtosha mtu mmoja kwa taabu."

Nikawakumbuka wale wanawake na maji yao yaliyochemshwa, na huruma yao.

"Binti anajua haya?"

"Anajua anapimwa tu. Mwenye tangi ni wewe, Bi Mwasiti, mpaka eda yako iishe. Mimi siruhusiwi kukushauri." Akatoa chupa ndogo ya dawa kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza kando ya chumvi, akaenda kukaa barazani.

*

Nilimpelekea Raya maharage kutoka juu ya sufuria, yale yasiyoungua. Hakuweza kula zaidi ya vijiko viwili.

"Imenikubali?" akauliza.

"Bado. Inakwenda polepole."

Akalala tena kwenye mkeka. Alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa chumvi. Kazi yake ilikuwa kufungasha mifuko kiwandani. Hakuwa na sura ya Katembo hata chembe, na nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kutofanana na mtu kiasi hicho na bado dunia nzima ikaamini.

"Alikuwa akija," akasema bila kuulizwa, "anakaa mlangoni ananivunjia dagaa vichwa, mimi nilikuwa naogopa macho yao. Nilipokuwa mkubwa nikamwambia, baba, siogopi tena. Akaendelea kuvunja tu. Mara ya mwisho alipokuja nilikuwa na miaka ishirini na mbili, akakaa mlangoni, akavunja."

Katika nyumba hii Katembo hakuwahi kugusa dagaa asiyepikwa.

"Alikutaja pia," akasema.

"Alisemaje?"

"Alisema nyumbani kuna mtu anayemweka hai."

Mtu. Hakusema mke. Lakini lilikuwa neno la kweli, na mimi ni mwanamke ninayejua kupokea kidogo.

Nikarudi ndani nikafunua khanga. Najua mtakavyosema. Mtasema uamuzi huu ni rahisi: hapa kuna msichana anayepumua, pale kuna kinyama ndani ya maji, tena kitakufa kwa njaa kabla ya miezi miwili au kitafungwa sanda na kufukiwa kwa hukumu ya sheikh. Anayesema ni rahisi hajakaa na mjane. Kila jioni nilikuwa natia kidole majini nikaigusa, nayo inajikunja polepole, inafunga vitundu vyake, kisha inajifungua. Dativa alikwishaniambia inamfanyia hivyo yeyote. Nilimwamini. Jioni iliyofuata nilitia kidole tena. Majuma machache ya kugusa ndiyo yaliyokuwa yamebaki katika ndoa ya miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa ninaombwa niyatoe kwa mtoto wa mwanamke aliyelala na mume wangu, tena akamdanganya hata yeye.

Nikimwambia Raya ukweli, atapanda treni kesho na kwenda kufa Uvinza akiwa hana figo wala baba. Nikinyamaza tu, atapanda treni ileile.

Nilitia kidole. Ikajikunja. Nikasubiri hadi ikafunguka.

"Katembo," nikaiambia, "ulisema utamdhulumu mtoto. Hukumdhulumu mtoto yeyote. Ulinidhulumu mimi."

Nikafungua chupa nikamimina yote.

Watu wangependa niseme nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo uani, imelala kwenye mkeka, sikatai kwamba niliiona. Lakini mkono wangu ulisukumwa na hasira, na kama Katembo angekuwa mwema kwangu kidogo zaidi, sijui kama yule msichana angekuwa hai leo. Jambo hili silipendi, na sijapata mtu wa kumweleza.

*

Tuliichuja siku iliyofuata, Dativa na mimi, kwenye beseni kubwa, mikono yetu ikiwa ndani ya maji. Nilishika kitambaa, yeye akaiweka katikati, tukakifunga, nikakamua kama ninavyokamua tui. Kitu nilichokilea miaka tisa kilitoka kati ya vidole vyangu kikawa wingu la rangi ya udongo. Kitambaani zikabaki sindano zake za kioo, nyembamba, zikanichoma viganja. Dativa akatia seli za Raya. Nikakaa nikatazama. Kabla ya adhuhuri wingu lilikuwa limeanza kushikana punje kwa punje, kwa haraka, bila kumkumbuka mtu.

Raya aliambiwa kwamba sifongo ilikuwa dhaifu kwa ajili ya yale maji ya msiba, ikabidi ifumwe upya kabla ya kumpokea. Dativa ndiye aliyemwambia. Hakumtazama alipokuwa akisema, tena alisema kwa ufupi. Kliniki ikampa zile nafasi za mashine, akajikongoja kwa hizo hadi tangi likawa tayari. Uvimbe ukashuka usoni, na siku moja nikaona kwamba ni msichana mzuri, mwenye mwanya. Huo nao haukuwa wa Katembo.

Nilipotoka eda Sadala alikuja na kitambaa cheupe kilichokunjwa, kidogo, cha kumtosha njiwa. Alimkuta Raya kwenye kiti cha marehemu, mrija umeunganishwa, anasoma simu. Akauliza huyu ni nani. Raya akajibu mwenyewe, kwa adabu, kwamba yeye ni binti wa Mzee Katembo, ametoka Uvinza.

Sadala alitazama mrija ulikoanzia na ulikoishia. Katika Ujiji nzima hakuna asiyejua kwamba sifongo haimkubali asiye damu. Shemeji yangu, mtu mzima mwenye mvi, akaketi sakafuni akalia.

"Kumbe ndugu yangu ameacha mtu," akasema. "Shemeji, kumbe hukutukatalia bure."

Akakitia kile kitambaa mfukoni. Sheikh naye, alipoulizwa tena, akasema kiungo kinachompa uhai mtoto wa marehemu hakina haja ya kaburi. Wale wanawake wa mtaani wakaja na sinia la pilau kumwona mtoto wa Katembo. Wakamshika kidevu wakaapa kwamba ni yeye mtupu, hasa kwenye paji la uso. Mimi niligawa sahani. Hakuna aliyesema tena kwamba Mwasiti amezaa sifongo. Walisema maskini Mwasiti, Mungu amemletea mtoto wa mwenzake.

Ningeweza kufungua mdomo. Ningesema, humo ndani hamna Katembo, nilimmaliza kwa mkono wangu, na huyu mnayemshangilia ni mgeni kwenu na kwangu. Kisha nini? Wangemfukuza msichana, na tangi lenye seli zake wangelimwaga. Kwa hiyo namtunzia Katembo uongo wake. Nilimpikia, nilimsafisha, na sasa namdanganyia, naye hayupo hata wa kushukuru.

Raya amehamia chumba cha uani. Anaosha vyombo bila kuambiwa, anacheka kwa sauti kubwa mno, na dagaa anawala na vichwa vyao. Kila siku ya pili, kabla ya kuunganisha mrija, anafunua khanga na kuinama mbele ya kioo. Nilidhani anaangalia maji. Jana jioni nilikuwa jikoni, mlango uko wazi, nikamsikia.

"Shikamoo, baba," akasema.

Akabaki ameinama. Mtoto aliyelelewa vizuri hainuki kabla hajaitikiwa, na katika tangi lile hapakuwa na mtu ila yeye mwenyewe, punje za mwili wake zinavuta maji na kuyatema. Nilisimama na mwiko mkononi nikasikiliza pampu. Aliendelea kuinama. Shikamoo ikitolewa katika nyumba haiachwi bila jibu.

"Marahaba," nikamwitikia kutoka jikoni.